Mfanye Asiyekuwepo Aonekane

Venezia, tarehe 3 Mei 1476

Kwa Mwalimu wangu mpendwa, Maestro Ercolano, Lucca

Salamu nyingi na heshima. Barua yako ya Pasaka imefika ndani ya mzigo wa hariri, katikati ya vitambaa vya njano, na mpaka leo inanukia nyumbani. Nimeisoma mara nyingi hata Bwana Puccio, karani wa Baba, ananitania: "Bibi mdogo, ukizidi kuutazama hivyo, wino utaona haya ukimbie."

Masomo ninaendelea nayo. Asubuhi Kilatini, mchana hesabu, jioni ninamsomea Baba. Hapa hakuna wa kunisahihisha, kwa hiyo ninajisahihisha mwenyewe kwa sauti yako: "Taddea, sentensi si kapu la samaki. Usitie kila ulichokivua." Kisha ninakukumbuka ulivyokuwa ukitazama dirishani kila uliponisifu, kama mtu mwenye haya, nami ninarudia kuandika mpaka nihisi kwamba sasa ungetazama dirishani.

Lakini leo sikuandikii kuhusu masomo. Unajua wanayoyasema akina Tegolai, wapinzani wa Baba: kwamba Baba alitoroka na siri ya gurudumu letu la kusokotea hariri, ili awape Waveneti. Mwalimu, ninaishi naye nyumba moja. Hajamwonyesha mtu gurudumu wala msumari wa gurudumu. Aliondoka Lucca kwa sababu jina lake lilikuwa ndani ya mfuko wa kura za kuchagulia Wazee wa Mji, na akina Tegolai hawakutaka litoke. Wewe ulikuwepo siku ile tulipofunga mizigo. Ulinishikia kinara cha mishumaa cha mama.

Juzi mezani Bwana Puccio alisema, "Bwana Lando, usipofika barazani kabla ya Sikukuu ya Msalaba ya Septemba, watakuhukumu hivyohivyo, ukiwa hupo."

Baba akajibu, "Nikienda watanikata kichwa. Nisipoenda watanichora. Wewe unanichagulia lipi?"

"Kichwa kilichochorwa bado kinakula supu, bwana."

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Aliyechorwa ukutani harudi nyumbani, Puccio. Wala mtoto wake harudi."

Nikawakumbuka wale wasaliti waliochorwa kwenye ukuta wa jumba la hakimu, wananing'inia mguu mmoja juu na kichwa chini, majina yao chini yao. Mimi na shoga yangu Lippa tulikuwa tukipita pale tunawatolea ulimi na kuwarushia maganda ya mayai. Sikuwahi kujiuliza kama mmoja wao ana binti.

Mwalimu, wewe unakula meza moja na Wazee wa Mji. Wanakusikiliza. Tafadhali, sema neno kwa ajili yetu. Nataka kurudi nyumbani.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Taddea, binti Lando Rovezzani


Lucca, tarehe 21 Mei 1476

Taddea mwanangu,

Kilatini chako kimekua kuliko mti wa lozi uliouacha uani kwenu. Kosa ni moja tu, nimelipigia mstari kwenye barua yako ninayokurudishia, utaliona.

Kuhusu Baba yako, nitasema. Nani mwingine aseme? Mimi niliyefika Lucca na viatu vilivyotoboka, akanifungulia mlango, akaninunulia vitabu, akaita watoto wa mtaa waje wafundishwe pamoja na binti yake, hata binti wa mchoraji. Haya siyasahau.

Ila nina fikra bora kuliko maneno yangu. Wazee wamechoka na sauti ya Ercolano. Andika wewe. Andika hotuba ya kumtetea Baba yako, kwa Kilatini, nami nitaisoma mbele yao. Binti wa miaka kumi na minne anayeandika kama wanaume wa kale! Mji wetu unajivunia mambo ya namna hiyo, na mji unaojivunia huwa mpole.

Kumbuka zoezi la mwisho nililokuwa nimekupa: *mfanye asiyekuwepo aonekane.* Hapo ndipo ushindi ulipo. Wazee wamekwisha kuusahau uso wake. Unakumbuka kikanisa alichokijenga, alipokataa katakata kuchorwa miongoni mwa Mamajusi kama wafanyavyo matajiri wote? "Mimi nauza hariri, siendi Bethlehemu." Akaagiza wachorwe wale wanawake wanaochemsha vifukofuko vya hariri kwenye masufuria. Kwa hiyo mji mzima hauna picha yake hata moja.

Basi wape uso. Waeleze alivyo sasa, leo, huko aliko: nywele, ngozi, namna anavyokaa, kila alama. Usipambe. Andika ulichokiona, si unachotamani. Mtu akionwa vizuri ni vigumu kumhukumu.

Wako katika elimu,
Ercolano


Venezia, tarehe 16 Juni 1476

Mwalimu wangu,

Nimelia kwa furaha, kisha nikaketi kuandika. Hotuba yote imo humu, kurasa tisa. Baba hajui. Nataka ajue siku tutakapoitwa nyumbani, nimwambie, "Ni elimu uliyoninunulia ndiyo iliyokurudisha."

Sehemu ya uso niliiandika mara nyingi kuliko nyingine zote. Ninakunakilia hapa kwa lugha yetu ya kila siku, uone kama nimepatia kabla hujaisoma ile ya Kilatini:

"Baba yangu amefuga ndevu tangu tulipofika hapa. Upande wa kushoto zimekuwa nyeupe, upande wa kulia bado nyeusi, kama mtu aliyelala ubavu mmoja kwenye unga. Juu ya jicho la kulia hana nyusi. Taa iliiunguza majira ya baridi alipoinama kuangalia rangi ya kitambaa, na pale ngozi imebaki laini, nyekundu kidogo. Kichwa chake kimeinamia kulia, kwa sababu sikio la kushoto halisikii vizuri na hapendi kumwambia mtu arudie. Vidole viwili vya mkono wa kulia husuguana daima, kama anapima hariri isiyokuwepo. Mtu akimdanganya, mdomo wake wa chini hulegea kwa huzuni, kama kwamba aliyeumizwa ni yule mwongo. Na macho yake hutangulia kusamehe kabla masikio hayajamaliza kusikia."

Je, sentensi ya mwisho nimeipamba? Niliifuta nikairudisha. Nimeamua kwamba ndivyo alivyo.

Ninasubiri. Kila mzigo ukifika kutoka Lucca ninashuka ngazi mbio.

Taddea wako


Lucca, tarehe 25 Julai 1476

Shoga yangu Taddea,

Ni mimi Lippa, binti wa Fundi Masseo mchoraji, kama umenisahau kwa sababu ya mabibi wa Venezia wenye viatu virefu kama ngazi. Ni kweli wanavivaa, au wafanyabiashara wanatudanganya? Andika upesi, tumewekeana dau na dada yangu.

Huku joto. Mapadri wanahubiri kwa ufupi, Mungu ni mwema. Tangu uondoke hakuna darasa, nami Kilatini nimebaki nacho kile cha kuombea chakula tu. Mwalimu wetu hatumwoni siku hizi. Amepata joho jekundu, shoga! Jekundu la kweli, la rangi ile ya ghali inayosagwa kutoka kwa wadudu, mpaka chini. Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu, nilidhani ni askofu." Unajua alivyo, alikohoa akapita. Watu wanasema atakuwa katibu wa Wazee wa Mji, na kwamba akina Tegolai wanamjengea chumba cha vitabu chenye dirisha kubwa. Nikasema, haki yake, macho yake yameumia kwa mishumaa yetu.

Baba naye amepata kazi, kubwa, ya Wazee wenyewe. Ni kwenye ukuta wa jumba la hakimu, kwa hiyo ni mmoja wa wale wetu wa kichwa chini, maskini. Nani, hataki kuniambia. Jukwaa limefunikwa turubai lote. Mimi nasaga rangi tu na kupandisha ndoo za lipu. Nimemwuliza, "Baba, ni mwizi au ni mwongo?" akanijibu, "Ni mguu. Leo nachora mguu." Kazi hiyo haipendi, akirudi nyumbani hali vizuri. Lakini ndiyo hivyo, mchoraji hula mkononi mwa mwenye ukuta.

Tunakukosa. Wanawake wa masufuria wananiuliza habari za Baba yako kila Jumapili, wakiwa wamesimama chini ya sura zao wenyewe kanisani, wananenepa kwa fahari. Mama Nuta anasema pale ukutani walimchora mwembamba mno, lakini amesamehe.

Njoo nyumbani.
Lippa


Lucca, tarehe 12 Agosti 1476

Taddea mwanangu,

Haraka kidogo, nina kazi nyingi.

Kazi yako ilifika, nayo ilisikilizwa kwa makini kuliko nilivyotarajia. Ile sehemu ya uso hasa. Sikubadilisha neno. Nilitazama dirishani.

Kuwa na subira. Mambo ya baraza yana mwendo wake. Na nakushauri usiwaandikie wengine hapa Lucca kwa sasa. Barua za Venezia zinatiliwa shaka, wala sitaki umdhuru mtu.

Ercolano


Lucca, tarehe 16 Septemba 1476

Taddea,

Kaa chini kwanza. Kama Baba yako yuko karibu, nenda chumba kingine.

Turubai liliondolewa mkesha wa Msalaba Mtakatifu, mishumaa ikiwa imewashwa madirishani mji mzima na mitaa imejaa watu. Ni yeye. Ni Baba yako. Amening'inizwa kwa mguu wa kushoto, na jina lake liko chini, herufi kubwa, *Lando Rovezzani, msaliti wa kazi na wa mji.* Walikwisha kumhukumu tangu mwezi Juni, kabla ya siku waliyomwekea. Wote waliokula na Wazee walijua.

Sasa nitakuambia lililo baya zaidi, kwa sababu ukiambiwa na mwingine hutanisalimu tena maishani.

Unajua uso huchorwa mwisho. Siku hiyo, mwanzoni mwa Agosti, Baba alinituma nyumbani mapema, lakini alisahau chakula chake, nikarudi nacho. Nikiwa kwenye ngazi, chini ya turubai, nikasikia mtu anasoma. Polepole, sentensi moja, kisha kimya mpaka Baba aseme "Haya," kisha nyingine. Alikuwa Mwalimu wetu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, joho amelikusanya mapajani lisiingie chokaa, karatasi mkononi. Alikuwa akisoma: "Na macho yake hutangulia kusamehe kabla masikio hayajamaliza kusikia."

Taddea, nilidhani anasoma habari za mtakatifu. Nikamwuliza, "Mtakatifu gani huyo, Mwalimu?" Akatazama mapaa ya nyumba kule mbali. Akasema, "Shika bakuli lako, Lippa."

Hata sikuuangalia uso wenyewe. Niliweka bakuli nikashuka. Baba anasema aliambiwa ni maelezo yaliyotolewa na shahidi. Alipouliza kuhusu kurasa zilizobaki, Mwalimu alijibu kwamba hazihitajiki. Nilipoona ni Baba yako nikajua ni wewe tu ungeweza kumwandika hivyo, na kwamba kurasa zile zilikuwa za kumtetea. Hotuba yako hakuna aliyeisikia.

Lakini sikiliza pia hili. Mkesha ule, watu walipokuja na matope na mayai mabovu kama kawaida, wanawake wa masufuria walikuwa mbele. Walipinda shingo ili wamwone sawasawa, safu nzima ya vichwa vimelala begani. Hakuna aliyerusha. Mama Nuta akasema kwa sauti, "Mgeuzeni huyo bwana! Anaonekana anataka kuniuliza mguu wangu umeponaje." Wengine wakacheka, kisha yeye mwenyewe akaanza kulia, na wote wakawa hivyo, wanacheka wanalia. Vijana wa akina Tegolai walirusha, ndiyo. Walirusha wao.

Kesho yake mzee Tegolai alimjia Baba. "Masseo, nilikuagiza msaliti. Hapa umeniwekea padri wa toba."

Baba akamwambia, "Bwana, nimechora nilichosomewa. Nilijaribu kumfanya mwizi, maneno yalikataa."

"Basi yakwangue."

Ameyakwangua. Leo asubuhi. Ameweka uso mwingine, pua ya mnyang'anyi na ndevu nyeusi tupu, uso wa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Jina limebaki. Mimi ndiye niliyesaga nyeusi ile, kwa sababu kama si mimi angesaga mwenyewe.

Sikuombi msamaha kwenye barua. Nitauomba tukionana, unipige kwanza.

Lippa


Venezia, tarehe 9 Oktoba 1476

Lippa,

Sitakupiga. Viatu ni kweli. Ni virefu, na mjakazi hutembea pembeni kumshika bibi asianguke. Umeshinda au umeshindwa, sijui ulishika upande gani.

Habari zilitangulia barua yako. Mfanyabiashara mmoja wa Lucca alimkuta Baba sokoni akamwambia yote, hata ndevu nyeupe upande mmoja, hata nyusi iliyoungua. Alidhani anamfurahisha: "Kazi nzuri sana, bwana, kama umesimama pale mwenyewe." Baba alirudi nyumbani akavua kofia, akaishika muda mrefu.

"Nilipotoka Lucca sikuwa na ndevu," alisema. "Nyusi iliungulia hapa, mezani hapa. Aliyenieleza amekula chumvi yangu mwaka huu."

Akamtazama Bwana Puccio.

Puccio yuko nasi tangu kabla sijazaliwa, Lippa. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa maharage. Hakujitetea sana. Alikunja aproni yake, akaiweka juu ya kiti, akasema, "Bwana, mimi nakuona kila siku. Lakini kukutazama hivyo, sijui kama ningeweza." Akatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, akanipita na kuniambia, "Usilie, bibi mdogo, nitarudi kuchukua kofia."

Nami nilikuwa nimekwisha kuelewa. Tangu Baba alipotaja nyusi. Nilinyamaza. Siku ile nilinyamaza, na iliyofuata, nikijiambia huenda Mwalimu aliibiwa karatasi, huenda zilimponyoka njiani, huenda kuna mwingine aliyemwona Baba. Nilimtafutia Mwalimu kila mlango wa kutokea, na Puccio wakati huo analala sijui wapi. Kisha ikafika barua yako, na ile ndoo iliyopinduliwa, na joho lililokusanywa lisiingie chokaa. Hapo hapakubaki mlango.

Nikaenda kwa Baba. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyeandika uso wako."

Hakunielewa mwanzoni. Nilipomaliza kueleza, vidole vyake viwili vilikuwa vinasuguana. Nilitamani mdomo wake wa chini usilegee. Haukulegea. Aliniambia, "Nisomee."

"Baba, usiniambie nisome."

"Wamesomewa wao. Mimi je?"

Nikamsomea, kutoka rasimu yangu. Nilisimama kabla ya sentensi ya mwisho, akangoja nikaimalizia. Kisha akauliza, "Ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ulivyo."

"Mtu yule nilimnunulia vitabu ili akufundishe kuona," alisema. "Amekufundisha. Amefanya kazi niliyomwajiria, kisha akaichukua kazi hiyo akaenda nayo kwa mwingine." Hakusema zaidi kuhusu Mwalimu siku hiyo wala baadaye. Alichukua joho lake akatoka kumtafuta Puccio.

Puccio amerudi. Kofia yake iko kwenye msumari wake. Lakini mezani hatanii tena. Jana nilimwaga supu kusudi, nikidhani atasema neno kuhusu mikono ya wasomi. Aliifuta tu. Hilo ndilo linaloniuma, Lippa, kuliko ukuta.

Hatutarudi. Baba amesema nianze kuuita mji huu nyumbani, hata kama ulimi unakataa. Mwambie Mama Nuta mguu wake unaulizwa kweli.

Taddea


Lucca, tarehe 2 Novemba 1476

Taddea,

Nimesikia kwamba unajua. Ningependa ungejua kutoka kwangu.

Wewe una akili. Nitasema nawe kama na mtu mzima. Baba yako alikuwa amekwisha kuhukumiwa kabla karatasi zako hazijafika. Hotuba ingechekwa. Picha ingechorwa tu, kwa namna yoyote, na mkono wowote. Je, si afadhali ilichorwa kwa maneno yako, ikawa na sura ya mtu?

Utasema nimekula kwake. Nimekula. Lakini tazama mji huu: makanisa, shule, vitabu, hata baraza lenyewe, kila kitu kinasimama juu ya mkono wa tajiri fulani, na mkono huo hubadilika. Jana Rovezzani, leo Tegolai, kesho simjui. Mwenye elimu akifa na kila mfadhili wake, elimu itakaa wapi? Sasa nina chumba kwenye jumba la Wazee. Kina rafu mpaka darini. Watoto watasoma humo. Nilichagua watoto hao.

Sehemu ile ya uso ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha. Nasema hivi bila kukubembeleza. Itakuwa hasara kubwa ukiacha. Niandikie, nitumie zoezi jingine, mada uichague mwenyewe, nami nitasahihisha kama zamani.

Ercolano, Katibu wa Wazee wa Mji


Venezia, tarehe 30 Novemba 1476

Maestro Ercolano,

Umesema nichague mada. Nimechagua. Kanuni ni ileile uliyonipa: asiyekuwepo aonekane, aliyeandikwa aandikwe alivyo, pasiwe na pambo.

"Ni mrefu, na kwa sababu ya urefu huo huinama kila aingiapo mlangoni, hata mlango mrefu. Tangu utoto wake aliingia milango ya watu wengine, na shingo imezoea. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kina sugu la kalamu, jeusi katikati kama mbegu. Akifikiri, huing'ata kalamu. Akiwa na njaa huing'ata zaidi. Majira fulani ya baridi, mkate ulipokuwa adimu mjini, aliniletea nusu ya mkate wake wa zabibu ndani ya mkono wa kanzu yake, akaniambia ameshiba, na kalamu yake ilikuwa imekwisha nusu. Hilo nimeliona, kwa hiyo naliandika.

Sauti yake ni nzuri. Akisoma, neno dogo kabisa hupata mahali pa kukaa. Huweza kusoma jambo lolote kwa sauti ile.

Amevaa joho jekundu. Sijaliona, nimesimuliwa na anayeaminika. Akikaa penye uchafu hulikusanya mapajani.

Anapomsifu mtu hamtazami. Macho huenda dirishani, na pasipokuwa na dirisha huenda kwenye mapaa ya nyumba. Mwanafunzi wake mmoja alidhani ni haya. Aliipenda sana haya hiyo, akaandika kurasa nyingi ili aione tena. Sasa anajua ni kitu gani mtu hutafuta anapotazama nje: hutafuta nyumba nyingine ya kuhamia."

Ndilo zoezi. Halihitaji kusahihishwa.

Nilifikiri kulituma kwa Lippa, naye angempa baba yake, na kuta Lucca hazijaisha. Siku moja, kama ulivyosema mwenyewe, mkono utabadilika na mtu atamwagiza Fundi Masseo uso wako. Sikulituma. Nakuletea wewe peke yako. Na utaona kwamba sikukugeuza. Umesimama kwa miguu yako, kichwa juu, kama ulivyokuwa ukisimama mbele yetu.

Kuandika sitaacha. Kuna mjane hapa jirani mwenye vitabu vingi na macho mabovu. Alitaka mtu wa kumsomea, naye amenipata mimi. Ananisimamisha kila nikikosea, na akinisifu hunigeukia kabisa, ananitazama na macho yake yale yasiyoona.

Jana jioni niliwasomea mezani maneno haya juu yako. Sikutaja jina wala mji. Kabla sijafika kwenye joho, Baba aliweka kijiko chini. Bwana Puccio akatania, kwa mara ya kwanza tangu siku alipotoka, "Mwongezee nafasi mezani, bibi mdogo. Ameshaingia."

Hakuna aliyecheka. Lakini amesema.

Taddea, binti Lando Rovezzani